Kuhusu Mbwa Semeni na Kile Alichokula Nyuma ya Jukwaa

Kwa Bwana Burugumestri Hyacinthe,
Ofisi ya Komini.

Kutoka kwa Émérance, mjane, kijiji cha wavuvi kabla hujafika Kigwena.
Tarehe 9 Julai 1963.

Bwana Burugumestri,

Amahoro. Ninakuamkia kwa heshima yote ya kiti chako. Kama umeamka na afya, Mungu ashukuriwe. Na kama lile tumbo lako la tangu utoto limeanza tena, kunywa maji ya moto yenye tangawizi, usingoje mpaka likuangushe. Mimi sikusoma. Mkono unaoandika ni wa Marguerite, mjane wa mwanangu, aliyefundishwa na masista, lakini maneno ni yangu. Yeye anataka kuandika "haja kubwa". Nimemwambia mavi ni mavi, na tukiyapamba Burugumestri atadhani ninaomba kibali cha kufungua duka.

Juzi Jumapili polisi wako Roger alipita na filimbi, akatangaza kwamba mbwa wote walao uchafu wapelekwe uwanjani Jumamosi asubuhi, wapigwe rungu mbele ya watu, kwa kuwa wameuaibisha uhuru. Alisema mbwa wote, lakini macho yake yalikuwa kwenye mlango wangu. Katika kijiji chetu mbwa iko mmoja. Ana miezi mitano, nilipewa na Amisi mvuvi kwa kibuyu kimoja cha mawese, na anaitwa Semeni. Jina hilo niliwapa majirani, si mbwa. Walikuwa wakisema kwamba mwanamke anayekaa peke yake hana wa kumwita. Sasa ninaita, na wanasikia.

Ninakuandikia ili asiuawe. Hilo ndilo ombi, nimelitanguliza usije ukachoka kabla ya kulifikia. Mimi najua mtu anavyochoka akingoja neno lenyewe.

Kwanza nieleze siku ile ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikuwa juu na sisi tulikuwa chini, na ya chini hayaonekani vizuri kutoka juu. Ilikuwa tarehe mosi, sikukuu ya kutimiza mwaka wa uhuru. Sisi vikongwe tuliketishwa mstari wa mbele, juani, tukapewa bendera za karatasi, tukaambiwa asinyanyuke mtu mpaka mgeni kutoka Bujumbura aondoke. Roger alisimama kando na fimbo. Ulianza hotuba jua likiwa limekaa juu ya michikichi, na lilipofika katikati ya mbingu ulikuwa bado unamshukuru Mungu kwa kuumba ziwa. Mimi sikutoka mahali pangu, ila kitambo kidogo tu, nikarudi.

Ndipo Semeni akatokea nyuma ya jukwaa, analamba midomo, akapanda ngazi. Yule mgeni wa suti nyeupe nadhani alisoma Ulaya, ambako mbwa hulala kitandani na mke wa mtu. Alimwinua, akamkumbatia, akamwachia amlambe mashavu na masharubu, watu wakapiga makofi. Kassimu fundi cherehani, ambaye Mungu alimpa vidole vya dhahabu akamnyima kufuli ya mdomo, ndiye aliyesema kwa sauti mbwa ametoka kula nini. Mgeni akatafuta kitambaa mfukoni, hakukiona, akachukua karatasi zilizokuwa karibu, akajifuta. Zilikuwa hotuba yako, kuanzia ukurasa wa saba. Basi hotuba ikafia kwenye ukurasa wa sita, mgeni akapanda gari, samaki mukeke wa kuchoma wakabaki kwenye sahani wanatutazama, na vikongwe wawili waliokuwa karibu kuzimia wakapata kwenda kivulini.

Hayo ndiyo yaliyotokea, sikupunguza wala kuongeza. Sasa malalamiko yangu, nayahesabu kwa vidole na Marguerite anayatia namba.

1. Mbwa amehukumiwa peke yake. Yale mavi hayakuletwa na mvua; Julai hapa hakuna mvua. Yaliletwa nyuma ya jukwaa na mtu mwenye miguu miwili na akili timamu, akayaacha, akaondoka anajifunga nguo. Huyo hakutafutwa. Hakupigiwa filimbi. Tangu lini aliyemwaga anakwenda zake na aliyefagia anakamatwa? Ningekuwa mimi Burugumestri, ningeanza na huyo wa miguu miwili, na ningemtia aibu mpaka asahau jina la mama yake.

2. Jambo la vyoo. Hili watu wanaliogopa, mimi nitalisema. Wakati wa Mubelgiji kila nyumba ilichimba choo, upende usipende. Bwana wa usafi alikuja na tochi, akainama, akatazama shimoni kama mtu aliyeangusha pete. Asiye na shimo alifungwa. Kisha wakaja watu wa chama, wakasema kazi za shuruti zimekwisha: mihogo ya shuruti, kufyeka barabara kwa shuruti, kubeba mizigo ya muzungu. Mtu mmoja akauliza, na choo? Yule wa chama alikuwa na haraka ya kwenda Kizuka. Akajibu kwamba vyote vilivyokuwa vya shuruti vimekwisha.

Bwana Burugumestri, mashimo yote yalifukiwa kabla ya jua kuzama, kwa nyimbo. Juu yake walipanda migomba. Ndizi zilitoka nene kama mkono wa mpiga ngoma, sikatai, lakini mpaka leo hakuna anayezila bila kufumba macho. Na watu wakahamia ufukweni. Kassimu alisema hatachutama tena ndani ya sheria ya Mubelgiji. Anachutama mchangani kila alfajiri, ameelekea Kongo, kifua mbele, kama mtu aliyepewa pasipoti.

Choo changu mimi sikukifukia. Kilichimbwa na marehemu mume wangu, nacho si cha Mubelgiji. Lakini cha komini, kile cha matofali pale uwanjani, kimekwenda wapi? Mlikifukia ninyi, kwa sababu udongo wake ulikuwa laini kwa kusimika nguzo, na juu yake mkajenga jukwaa. Wewe mwenyewe ulikata utepe. Halafu mkatuita watu mia nne, mkatunywesha pombe ya ndizi asubuhi, mkamweka Roger na fimbo. Mlitaka twende wapi?

3. Inasemwa kwamba sikumfundisha mbwa wangu. Hilo limeniumiza. Nimelea watoto saba na wajukuu nisiowahesabu, na hakuna nililomfanyia mmoja wao ambalo sikumfanyia Semeni. Nilimpaka masizi ya chungu puani, asisikie harufu. Akapiga chafya siku nzima, na alipopona alisikia harufu ya mbali zaidi. Nilimfunga mdomo kwa kamba ya mgomba, akala kamba. Nilimpa ndagala, hawa dagaa wetu, mpaka tumbo likawa ngoma; akalala, akaamka, akaenda kutafuta cha kushushia. Mtu wa disipansere alisema nimpe chumvi, maana mtoto wa mnyama anayekula hivyo amepungukiwa. Nikampa. Akaongezeka kiu, basi.

Mwishowe nilichukua pilipili kali, zile ndogo, nikatwanga, nikaamka mapema nikanyunyiza ufukwe mzima, kwa kila rundo, nimeinama na mgongo huu. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alilia huku anakula. Siku ya tatu, Bwana Burugumestri, alipita juu ya yasiyo na pilipili kama hayaoni. Nilichomfundisha ni ulafi wa viungo. Usiseme basi kwamba sikufundisha.

4. Mustafa muuza ndagala amekuja kwako kushitaki. Ana haki, na mimi sina ugomvi na dini ya mtu. Semeni alimlamba mguu, naye akanawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyoelekezwa. Alisimama mbali na nyumba yangu, akaniambia kwa adabu, Bibi Émérance, mbwa wako amezidi mdomo. Nikamjibu kwamba kijijini hapa hilo si kosa la mbwa peke yake.

Lakini hebu mwulize Mustafa jambo moja. Anaanika ndagala zake mchangani. Zamani alikuwa anaanikia kule juu, mbali na maji, kwa sababu kule chini, pembeni ya Kassimu na pasipoti yake, hapakukalika. Tangu Semeni aanze kupita alfajiri, Mustafa amezishusha kidogo kidogo, na sasa zinaanikwa mbele ya mlango wangu. Mate ya mbwa amekatazwa. Mchanga ambao mbwa ameusafisha hakukatazwa, na anautumia. Mimi namsalimia, naye ananiletea ndagala kwenye jani, analiweka chini hatua kumi kutoka mlangoni, anarudi nyuma kama anamlisha chui.

5. Nani basi amefanya kazi ya usafi katika komini hii tangu uhuru? Roger alipewa kofia ili akague vyoo. Hajakagua hata kimoja, maana hakuna. Kofia ameibakiza. Semeni hakupewa kofia, hakupewa barua, hakula kiapo, na anaanza kazi kabla ya adhana. Hachagui tajiri wala maskini, Mukatoliki wala Muislamu, mtu wa chama hiki wala wa kile. Kama uhuru ni watu wote kuwa sawa, mimi sijaona aliyeufuata kuliko yeye. Ninaomba aandikwe kazini. Kofia asipewe, ataila.

6. Sasa nakuja kwenye tangazo lenyewe, nimelitafuna usiku na mchana. Linasema walao uchafu wapigwe rungu. Sawa. Kuku wa nyumba yako wanakula nini nyuma ya jiko? Bata wa padri wanatafuta nini kwenye mfereji, rozari? Na samaki, Bwana Burugumestri. Tunayoyaacha ufukweni yanachukuliwa na mawimbi, na ziwani hakuna mwenye sahani. Wale mukeke waliochomwa kwa ajili ya mgeni walikula nini wiki ile? Mgeni yule alikuwa apate kitu kilekile kwa njia ndefu, yenye limau na chumvi. Semeni alimfupishia. Ukitaka haki basi Roger aingie ziwani na rungu.

Na hapa, mwanangu Hyacinthe, itabidi nikiweke kiti chako pembeni kidogo, nizungumze na wewe unayekikalia. Mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Mama yako, Mungu amlaze pema, alikuwa mgonjwa mwaka mzima, nawe ulikuwa unatambaa nyumbani kwangu. Ulikuwa na miezi minane siku nilipokukuta nyuma ya banda umekaa kwenye mavi ya kuku, umejaza viganja vyote viwili, unatafuna kwa utulivu kama mtu mzima aliyealikwa harusini. Ukanicheka na meno yako mawili. Sikutafuta rungu. Nilikuchokoa mdomo kwa kidole hiki hiki nitakachotia hapa chini, nikakuosha, nikakupa uji, nikakufunga mgongoni, na usiku nikasema mbele ya Mungu kwamba mtoto huyu atafika mbali, maana tumbo lake linavumilia. Umefika mbali. Sasa soma tangazo lako tena. Halijasema mbwa wa umri gani wala mlaji wa mwaka gani. Tukilifuata lilivyo, Jumamosi itabidi Roger akupeleke uwanjani, nami nitakuja kulia.

Mtoto wa kiumbe chochote anaijua dunia kwa mdomo kwanza. Wengine wanaacha, wengine wanakuwa Burugumestri. Mbwa huyu ana miezi mitano. Mpe muda uliopewa wewe.

7. Hili si lalamiko, ni ombi lilelile la juu, limezeeka tu njiani. Usimwue. Watoto wangu waliobaki wamehamia ng'ambo ya ziwa, Uvira na Baraka, wana maisha yao. Marguerite ana nyumba yake na anakuja Jumanne. Siku nyingine zote anayesikia nikikohoa ni huyu mbwa. Ninapokwenda kwenye michikichi anakwenda. Ninapokaa anakaa juu ya mguu wangu, mguu huu wenye baridi yabisi, na unapona. Niendapo chooni ananifuata, ananingoja mlangoni, na nikitoka anafurahi kama mtu aliyepokea mgeni kutoka Bukavu. Niambie ni nani mwingine katika komini yako anayefurahi hivyo nikitoka chooni.

Kama lazima mtu apigwe ili mgeni wa Bujumbura aridhike, nitakuja Jumamosi mwenyewe, nimevaa kitenge kile cha msiba wa mama yako, na nitakaa chini katikati ya uwanja na Semeni mapajani. Roger atachagua pa kuanzia. Alinyonya kwangu wiki mbili mama yake alipokosa maziwa, basi ajue anapopiga.

Msalimie mkeo, mwambie ile dawa ya kifua asiichemshe na sukari. Wasalimie watoto wote kwa majina, na yule mdogo mtazameni akiwa karibu na banda la kuku, mambo haya yanarithiwa. Wasalimie makarani, na yule anayegonga muhuri kama mtu anayeua nyoka. Msalimie Roger. Msalimie hata mgeni wa suti nyeupe ukimwandikia, mwambie Semeni anamkumbuka, na kwamba mbwa halambi uso wa mtu asiye na moyo mwema. Mungu akulinde, akupe usingizi, akupe na masikio. Murakoze.

Mimi mzee wako,
Émérance

(hapa ni dole gumba lake, limetiwa kwa masizi na mawese kwa sababu wino uliisha katika lalamiko la sita, na mimi Marguerite ninamalizia kwa penseli)

Nyongeza:

Marguerite amenisomea barua yote tangu mwanzo, na nilipoisikia nikaona haya mbele ya mbwa. Nimemwambia Marguerite asicheke, aandike.

Yule mtu wa miguu miwili wa lalamiko la kwanza ni mimi. Nilivumilia ukurasa wa kwanza na wa pili. Wa tatu nilimwomba Roger kwa macho, akatikisa fimbo. Mlipofika kwenye ziwa nilisimama tu, nikaenda nyuma ya jukwaa, pale pale ulipokuwa mlango wa choo cha komini zamani, kwa sababu miguu ya mzee inakumbuka njia. Nikarudi, nikakaa, nikapunga bendera. Semeni alinifuata kama kawaida yake. Na Roger alikuja nyuma kukagua, nilimwona; alipofika palikuwa hakuna kitu tena, iko mbwa tu analamba midomo. Labda ilikuwa tabia. Labda alinisitiri. Nimezaa watoto saba, hakuna hata mmoja aliyewahi kunifanyia hivyo.

Kwa hiyo futa lalamiko la kwanza, na kwenye la pili umwondolee Kassimu kile nilichomsema, ingawa pasipoti ibaki. Jumamosi nitakuja kama nilivyoahidi, lakini si kama mtetezi, bali kama mwenye kosa. Mbwa mtamwacha nyumbani na Marguerite.

Na dawa ya kumwachisha imepatikana, haina pilipili. Mimi nilishindwa ukurasa wa nne. Mwaka ujao, mwanangu, ishia wa tatu.